Mikono ya Magreth

Pigo la kwanza lilimkuta Masele ameinama, anakoroga nta ya nyuki jikoni kwake uani. La pili likamwangusha. Mzee Benjamini aliushika mpini wa jembe kwa mikono miwili akaendelea kupiga, mgongoni, kiunoni, mapajani, sufuria ikapinduka na nta ikatambaa vumbini.

Masele hakumsikia akija. Mzee alitoka Ipuli kwa bodaboda, akashukia barabara kuu, akaingia Kwihara kwa miguu mpaka nyumbani kwa mkwewe, kamera ikiwa shingoni.

Kamera hiyo ndiyo iliyomleta.

Alipostaafu kazi ya reli, mkewe Suzana alikuwa ameshafariki na nyumba ilikuwa kimya mno. Akanunua kamera iliyokwisha tumika kwa Renatus, mpiga picha wa pasipoti pale sokoni, naye Renatus akawa anamfundisha kwa kumpa vijikazi. Wiki moja apige picha za milango tu. Wiki nyingine vivuli. Mwezi wa Septemba akampa mikono.

"Chagua mtu mmoja, mzee wangu," alimwambia. "Kila wiki piga picha ya mikono yake, palepale, kwa mwanga uleule. Uso uache. Utashangaa mikono inavyosema."

Alimchagua Magreth, bintiye wa pekee, aliyekuja kila Jumapili baada ya ibada kumpikia. Alimketisha karibu na dirisha, akimenya karanga. Picha mbili za kwanza zilitoka giza. Ya tatu ilitoka safi. Alipoikuza kwenye kioo cha kamera aliona vifundo vya mkono wa kulia vimevimba, na ngozi imechanika juu ya kidole cha kati.

"Nilianguka na baiskeli," Magreth alisema.

Jumapili ya nne, kucha mbili zilikuwa zimeng'oka. Ya tano, chini ya kidole gumba kulikuwa na alama za meno.

Benjamini aliiweka kamera mezani. Masele, ambaye mpaka Pasaka alikuwa akimsindikiza mkewe kanisani, siku hizi hakuonekana. Kila akiulizwa, Magreth alisema yuko porini na mizinga yake.

"Masele anakupiga?"

Magreth aliuficha mkono ndani ya khanga. "Baba, acha."

"Nimekuuliza."

"Mama naye, kuna aliyemuuliza?"

Magreth alikuwa na miaka sita au saba enzi zile, akisimama mlangoni kimya, akitazama. Baadaye Benjamini aliacha pombe, akaacha na ngumi, lakini Suzana alikuwa ameshapoteza meno mawili na sikio moja halisikii, na alikwenda kaburini bila kuombwa radhi. Akajiapiza kwamba safari hii hatamwacha mwanamke wa nyumba yake aumizwe huku watu wanatazama.

Jumapili ya sita Magreth hakuja. Simu yake iliita bila kupokelewa. Jumatatu asubuhi, mzee alichomoa mpini kwenye jembe.

Sasa mkono ulikuwa umechoka na pumzi zinamkatika. Masele alikuwa mwanamume wa miraba minne, mwenye kubeba mzinga mbichi wa gogo begani peke yake, lakini hakurudisha hata pigo moja. Alikuwa amejikunja upesi, magoti kifuani, viwiko vimebana mbavu, viganja vimefunika masikio. Hakupiga kelele.

"Inuka," Benjamini alisema. "Inuka upigane na mwanamume mwenzako."

"Siwezi kukuinulia mkono, baba."

"Ila mwanangu unaweza."

Masele alifunua uso. Damu ilikuwa inamchuruzika puani. Alimtazama mkwewe kwa muda, kama mtu aliyeongeleshwa lugha asiyoijua.

Mzee aliutupa mpini, akamkamata kola. Alitaka kumsimamisha na kumpiga picha ya uso, aipeleke polisi pamoja na zile za mikono. Shati la mikono mirefu lilichanika toka shingoni hadi kiunoni, akabaki ameshika kitambaa.

Chini ya michirizi myekundu aliyoichora yeye dakika hiyo, mgongo wa Masele ulikuwa na mingine iliyokwisha geuka kijani na manjano. Kwenye bega la kushoto palikuwa na kovu la moto, bichi bado, lenye umbo kamili la pasi ya mkaa.

"Hii ni nini?" mzee aliuliza. "Nani kakufanya hivi?"

Nje ya ua wa minyaa sauti ya Magreth ilisikika ikimjulia hali jirani, nyepesi, yenye kicheko. Kisha nyayo zake zikaanza kukaribia lango.

Masele alitambaa kwenye nta na vumbi, akajibanza nyuma ya mzee, akamkumbatia miguu kwa nguvu zake zote.

"Baba," alinong'ona, "usiondoke leo."