Bweni la Vitanda Tisa

Siku hizi anayetaka kusomea muziki chuoni haendi kufanyiwa usaili. Chombo kiitwacho Sikio ndicho kinachomfuata nyumbani kwake kumsikiliza na kuamua, na wasikilizaji wanatakiwa wakae kimya.

Nuswaiba alichagua chuo cha mbali kuliko vyote, apate walau kuimba asubuhi moja bila shangazi yake, Bi Salme, kuuliza anamwimbia nani. Sisi majirani saba tukajaa sebuleni kwao. Wimbo wa kwanza tukajikaza. Wa pili tukang'ata kanga. Wa tatu, aliotunga mwenyewe, alipopandisha sauti, Bi Salme akanyanyuka kwa madaha kwenda kumtuza kanga mpya, kigelegele kimemtoka. Sasa nani angebaki kakaa? Tukaitikia wote.

"Shangazi, umenimaliza!" Nuswaiba akalia.

"Mmepokelewa," Sikio likasema. "Wote tisa."

"Mwombaji ni mimi peke yangu! Hawa ni shangazi na majirani tu."

"Bila wao wimbo haujatimia. Bweni lina vitanda tisa."

Nyumba ikalipuka kwa shangwe. Bi Salme akauliza kama bwenini wanaruhusu jiko la mkaa. Nuswaiba akakaa chini, kanga begani.

"Rudieni kigelegele," Sikio likaagiza. "Bi Salme aliwahi mno."

Tukarudia huku tunacheka.

"Tena. Kwa furaha zaidi."

Tukarudia. Lilipoagiza tena, nilimtazama Bi Salme. Alikuwa anajifuta jasho, akimwangalia Nuswaiba kama mtu anayetaka kuomba ruhusa ya kunyamaza.