Mwandiko wa Makala

Kitabu kilikuwa kimoja kwa kambi nzima ya Kibati, na kila aliyekisoma aliandika neno lake pembeni ya ukurasa kabla ya kukipitisha kwenye hema la jirani. Bénita aliyasoma maneno hayo huku akicheka. Mmoja aliandika, "Huyu kijana muongo, usimuamini." Mwingine, "Hapa nililia."

Akafika pale msichana wa hadithi anapokimbia vita bila kuaga kwao. Pembeni palikuwa na herufi kubwa za makala, mkaa wa jikoni: "Mutoto, rudi kwanza uage mama yako."

Wengine wote walitumia kalamu ya risasi.

Bénita akafunua kurasa zilizofuata. Mwandiko wa makala uliishia hapo.

Akainua macho. Mama yake, ambaye tangu asubuhi alikuwa akimgombeza, "Hicho kitabu tutakipika na chumvi?", alikuwa ameinamia mbabula, jiko lao la makala, akipuliza moto, ncha ya kidole chake nyeusi tii.

Nje jirani akapiga hodi. Zamu yake ya kusoma ilikuwa imefika.

Bénita akakisukuma kitabu chini ya mto wa mama yake.

"Pita kesho, yaya," akamjibu dada huyo. "Kuna mutu hajakimaliza."