Punje Moja Tu

Fundi cherehani aliitafuta nyumba yake kwenye ramani mpya iliyobandikwa darasani, asiione. Aliiona shule, akaiona zahanati, kisha kidole chake kikatumbukia kwenye rangi ya bluu.

"Hii bluu ni nini, mwanangu?" akamuuliza bwana mipango.

"Bwawa letu, mama. Mlilichagua wenyewe. Mkutano uliopita kila mtu aliweka punje moja ya haragwe kwenye ramani, pale anapotaka maji. Hapo bondeni ndipo palipojaa."

Fundi akakumbuka. Siku ile, wenzake walipogeuka kunywa chai, alimwaga kiganja kizima cha maharage mlangoni kwake. Alichotaka ni kupunguziwa safari ya ndoo, basi.

"Lakini mimi nilitaka maji yawe karibu," akanong'ona.

Jirani yake akamsukuma begani. "Songa, shoga. Foleni imefika nje."

"Leo tunachagua pa kuwahamishia watu wa bondeni," akasema bwana mipango, akimwekea haragwe mkononi. "Punje moja tu, mama."

Mkono wake wa pili ulikuwa tayari mfukoni, umefumbata maharage aliyotoka nayo nyumbani. Akaikodolea macho ramani, asijue ayamwage wapi.