Tingatinga la Mkopo

Siku hizi tingatinga la mkopo humtii mkopeshaji mpaka deni liishe. Mghanga alilijua hilo, lakini kazi za kusafisha mashamba zilikuwa nyingi naye hakuwa na mashine. Mkewe, Wakesho, alimsihi wadunduize, wanunue kwa pesa taslimu.

"Tutazeeka tukingoja," alimjibu, akatia saini.

Asubuhi moja, Mghanga akiwa ndani anapangusa kioo, tingatinga lilijiwasha na kujifunga milango. Mkopeshaji alikuwa amelituma likasawazishe shamba alikozikwa Mkawasi, binti yao wa pekee. Ndugu zake Mghanga walikuwa wamemuuzia shamba hilo kwa siri.

Alikanyaga breki kwa nguvu zote, zisishike. Wakesho alipoona linakoelekea alikimbia akalitangulia, akaketi juu ya kaburi. Tingatinga likasimama karibu na magoti yake, kwa kuwa haliruhusiwi kumgusa mtu.

"Baba Mkawasi, lizime!"

"Halinisikii!" alilia akigonga kioo. "Usiinuke, mke wangu. Nakuomba usiinuke."

Jua lilipanda. Wakesho alianza kuyumba kwa kiu, na mumewe hakuweza kumpelekea hata maji. Injini iliendelea kunguruma taratibu, ikimngoja achoke.