Kidole Gumba cha Gareth

"Likizo hii tukodi nyumba ya juu, inatufaa sote sita, hata wanaojifunza," alisema mume wangu Gareth, akiikandamiza ramani ya mlima mezani.

Anayejifunza kuteleza kwenye theluji kwa skii ni mimi peke yangu.

"Na jioni nitarudije?"

"Tutakufunga kamba tukuburute, shemeji!" alidakia ndugu yake. Wakacheka wote.

Kidole gumba cha Gareth hakikuwa kimesogea hata kidogo, ukucha umekuwa mweupe kwa kukandamiza. Nikakishika, nikakiinua. Chini yake palikuwa na njia moja tu ya kufika kwenye nyumba ile, iliyochorwa nyeusi, yaani ya mabingwa watupu.

"Haya, nani anataka ya juu?" aliuliza, hanitazami.

Nikawa wa kwanza kunyoosha mkono. Kisha kwenye fomu ya kukodi nyumba nikafuta "watu sita", nikaandika "watano".