Pikipiki ya Kibua

Asubuhi nzima DG Merdi, mkurugenzi mkuu, hakukalia kiti chake kipya cha ofisi. Alisimama mlangoni, pale Mubi, macho yamemtoka kwa kutazama njia ya msitu.

Hakuzoea kungoja. Miaka ishirini na saba, mtoto wa wenye maduka wa Butembo, na tayari kampuni ilikuwa yake. Antena ilikaa juu ya paa lake. Vijiji vya ndani havikuwa na mtandao hata wa dawa. Basi Merdi akaweka simu na vifaa vya masikioni kwenye pikipiki. Dereva anafika kijijini, watu wanasikiliza sauti walizotumiwa, wanarekodi majibu, naye anarudi Mubi majibu yaruke hewani. Dereva mwenyewe hasikilizi. Siri ya mtu ni ya mtu. Kule Goma waliompa tuzo walisifu kila kitu: ujumbe mpya unatangulia kusikika, kama kwenye simu zote za kisasa, na ujumbe ukishaingia haufutiki, hata DG hawezi.

Ni Mama Epiphanie tu, muuza jibini wa Masisi, aliyemshika shati siku moja.

“Mwanangu DG, hii kintu yako inaanzia kwa mukia. Mutu anasemaka vile?”

“Hiyo njo maendeleo, Mama. Utazoea.”

Wakacheka wote wawili.

Leo hakuwa na cha kuchekea. Mkewe Mamie alikuwa Kibua kwa mama yake, alikokwenda kujifungua. Mumbere, kifungua mimba wao, alikuwa na siku kumi na moja na baba yake hajamtia machoni. Kwa desturi ya nyumba ile, mzazi hatoki kwa mama yake mpaka mume amwite. Jumatatu Merdi alirekodi ujumbe wa kumwita, tena kwa kujidai: njooni, pandeni lori, njia kubwa ni salama.

Jumanne bunduki zikalia kwenye njia kubwa. Magari yaliyoingia hayakurudi. Merdi alikimbilia mashine akarekodi tena: musitoke, hata mukiwa na haraka ya namna gani, musitoke mpaka niseme. Jumatano Apollinaire, dereva wake, aliondoka kwa njia ya msitu na jumbe zote mbili.

Toka hapo, kimya. Majirani walimwambia atulie. Atulie vipi? Yeye aliyeunganisha vijiji arobaini hakuwa na namna ya kumfikia mtoto mmoja. Alijiona bure kabisa, na kiti chake, na tuzo yake ukutani.

Ijumaa saa sita mchana pikipiki ikatokea, matope hadi kwenye taa.

“Uliwaona?” Merdi alikuwa ameshashika usukani kabla haijasimama.

“Niliwaona jana jioni, DG. Njia iko mubaya, nikalala mu pori. Mutoto ni weye mutupu, mpaka masikio!”

“Na ujumbe wangu?”

“Mama mukwe wako alikuja yeye mwenyewe kusikiliza.”

“Yote mbili?”

“Yote mbili, mpaka mwisho. Alipomaliza akapiga vigelegele, kijiji kizima kikatoka inje.”

Merdi akafanya ishara ya msalaba, akaingia ndani, na kwa mara ya kwanza katika siku tatu hizo akakaa kwenye kiti chake. Wamesikia. Wako salama. Hata kama njia itafungwa mwezi mzima, atangoja bila kunung'unika. Akavaa vifaa vya masikioni, akatafuta jibu la Kibua, akabonyeza, tayari akitabasamu.

“Mukwe wangu, ni miye Mama Rosalie. Tulikusikia muzuri. Kwanza ulitutia woga, ukasema tusitoke. Kisha tukasikia unasema njia kubwa iko salama, tupande lori, tukuje. Tukamushukuru Mungu! Neno ya mwisho ya baba ya mutoto njo tunashika. Kesho asubui mapema tunatoka.”

Ilikuwa sauti ya jana.