Darasa la Zamoyoni

Mzee Shomvi alivua viatu mlangoni mwa darasa la yoga, akatandika mkeka wake nyuma kabisa, karibu na ukuta. Wanafunzi wenzake wote walikuwa wanawake, nao wakamwamkia kwa heshima. Mwalimu peke yake ndiye aliyeendelea kukunjua mkeka wake. Alikuwa Zamoyoni, binti yake wa kuzaa. Mzee ndiye aliyemfukuza nyumbani miaka ile, akisema yoga ni kujinyonganyonga mbele za watu, na mwanamke mwenye haya hafanyi hivyo.

"Leo tuna mgeni," Zamoyoni aliwaambia. "Anayeanza asijilazimishe. Ainame mpaka pale mwili unapokubali."

Mzee Shomvi aliinama. Vidole vyake viliishia magotini, naye akazuia pumzi. Akasikia nyayo zikija, kisha kiganja chenye joto kikatua mgongoni mwake.

"Pumua, mzee. Usizuie pumzi."

Alimwita mzee, kama ambavyo angemwita mpita njia yeyote. Neno lile lilimuuma kuliko mgongo.

"Zamoyoni mwanangu," alinong'ona akiwa bado ameinama, "nilikukosea."

Kiganja kilitulia palepale. Wanawake wa mbele walikuwa wameshasimama wima, wanangoja zoezi linalofuata.

"Nimesikia," Zamoyoni alijibu kwa sauti ya chini. "Sasa inuka polepole. Kichwa kije mwisho."

Aliinuka polepole mno, kwa kuogopa kwamba akisimama wima atalazimika kumtazama machoni. Na mkono wa binti yake ukapanda naye, toka kiunoni hadi mabegani.